Chipu Isiyobisha Hodi

Sauti ya Anaeli ilikuwa imefungiwa ndani ya visanduku thelathini. Visanduku vinne vilikuwa vinaitoa. Ishirini na sita vilikaa kimya kama vimelishwa ugali wa moto.

Na siku yenyewe ndiyo hiyo! Tangu alfajiri Mzee Devendra alikuwa hakai chini. Alifungua duka mwenyewe, akafagia mlango mwenyewe, akawasimamisha wapita njia wa Mtaa wa Sikukuu, hata wabeba mizigo wenye haraka zao, kuwaambia kwamba leo mizani itasema. Miaka arobaini ameuza mizani pale Kariakoo. Ameuza ya mawe, ameuza ya springi, ameuza ya namba nyekundu zinazowaka. Lakini mizani yenye mdomo? Hiyo hakuna aliyekuwa nayo mtaa mzima.

Aliyeibuni ni Utsav, mtoto wa kaka yake, kijana aliyesomea kompyuta na aliyeketi ghorofani siku nzima kwenye feni mbili. Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni ya mche. Ndani mna bodi yenye kompyuta ndogo inayotumia mfumo wa Linux, na pembeni yake chipu ya bluetooth isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Unakifunga kwenye mizani, unatundika spika isiyo na waya popote upendapo, basi. Ukiweka mchele, spika inataja uzito, na mteja aliye nyuma kabisa ya foleni anausikia. Habari za kupunjana zimekwisha.

Kwa sauti walimjaribu kwanza Aristides, Mhaya, fundi wa vifuniko vya visanduku, lakini yeye kila namba aliitamka kama anatangaza matokeo ya uchaguzi. Wakamwingiza Anaeli stoo, katikati ya maboksi ili makelele ya mtaa yasipenye, akasoma polepole: kilo, moja, mbili, tatu mpaka tisa, kumi, ishirini mpaka tisini, na robo, na nusu, na robo tatu. Hakurudia hata mara moja.

Kazi yake hasa, hata hivyo, haikuwa kusema. Anaeli alikuwa mtu wa mezani, wa kuchomelea vipuri kwenye bodi. Alizaliwa Buguruni kwa wazazi Wapare, akaishia darasa la saba, akaja kwa Mzee Devendra kufagia. Miaka miwili alifagia huku jicho moja likiwa kwenye mikono ya fundi wa zamani. Fundi alipoacha kazi, Anaeli aliegemeza ufagio ukutani akasema, "Mimi nimeangalia. Nijaribuni." Wakacheka, wakamjaribu, na kicheko kikaisha. Tangu hapo stuli ile mbele ya meza ilikuwa yake, na hakuna kitu duniani alichokipenda kama stuli ile.

Sasa saa tatu na nusu asubuhi Utsav akashuka ngazi, uso umemsinyaa.

"Chipu zimeungua," akasema. "Zote ishirini na sita."

Mzee Devendra akaacha kufuta kioo. "Zimeungua vipi? Mbona nne zinasema?"

"Zile nne nilikaa na Anaeli pembeni, nikimwangalia. Hizi kachoma peke yake, moto ukazidi." Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. "Nimezipima, Ankal. Kila chipu ina mguu wa kuamshia. Mguu una umeme, maana yake chipu iko macho. Kompyuta inaiita, inangoja, haijibiwi. Aliye macho halafu haitiki ni nani? Ni maiti."

Nje mchuuzi mmoja alikuwa anaita wateja wa soksi kwa kipaza sauti.

"Bi Fakhriya anakuja saa saba," Mzee Devendra akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Ana maduka ya nafaka mtaa mzima wa Msimbazi. Nimemwambia vyote thelathini viko tayari." Akamgeukia Anaeli, ila macho akayaweka kwenye kalenda ya ukutani. "Mwanangu, tutampa fundi wa simu azing'oe, aweke nyingine. Na meza... meza itabidi akae yeye. Wewe utarudi kwenye kupakia maboksi."

"Lini, Mzee?"

"Leo. Bi Fakhriya akishaondoka."

Anaeli alihisi kama mtu kavuta stuli chini yake. Lakini hakusimama.

"Chipu hazijaungua, Mzee."

"Umejuaje?"

"Chipu ikiungua inanuka. Nimekaa nazo wiki nzima. Hazijanuka."

Aristides akapasuka kwa kicheko kule kwenye vifuniko vyake. "Mpare huyo! Mpare akiibiwa kuku, anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani!"

"Na Mhaya akiibiwa," Anaeli akajibu bila kugeuka, "anamsomea mwizi barua kwa Kiingereza, mwizi anaondoka na kuku." Kisha akamtazama Utsav. "Kaka Utsav, samahani. Hiyo chipu inaitwaje? Yaani, kompyuta inaiitaje?"

Utsav alikuwa ameshakanyaga ngazi ya kwanza, lakini alikuwa mtu asiyeweza kukataa kueleza jambo. Akarudi.

"Flashi unaijua? Ukiichomeka kwenye kompyuta, inabisha hodi yenyewe. Inajitaja: mimi flashi, nimetoka kiwanda fulani. Kompyuta inasema karibu. Sasa chipu hii imeunganishwa kwa laini ya serial. Nyaya tu: huu wa kusemea, huu wa kusikilizia. Laini hiyo haina hodi. Chipu itakaa mlangoni mpaka kiama na kompyuta isijue kama kuna mtu."

"Sasa inajuaje?"

"Naiandikia. Kuna faili la kuelezea bodi nzima, nani anakaa wapi. Naandika: kwenye laini ya tatu kuna mgeni, kabila lake hili, anazungumza kwa kasi hii, na ukitaka kumwamsha vuta kamba hii. Kompyuta ikiwaka inasoma kwanza lile faili, ndiyo inakwenda kumwita." Akainua mabega. "Na faili ni lile lile kwa visanduku vyote. Vinne vinasema. Kwa hiyo faili halina kosa."

"Na ule mguu wa kuamshia uliupima wakati kompyuta inaita, au ilipokwisha kuita?"

"Ilipokwisha. Kwani kuna tofauti gani? Umeme ni umeme." Akapanda zake.

Anaeli akabaki na swali lake mkononi, na muda wa saa tatu na ushee mbele yake.

Mita nzuri, ile ya namba, ilikuwa ghorofani. Chini kulikuwa na mita ya mshale ya yule fundi wa zamani, kioo chake kimefungwa kwa gundi ya karatasi. Kwake ilikuwa bora. Namba zinarukaruka, mshale unatembea, na kinachotembea unaweza kukifuata kwa macho. Akachukua kisanduku namba kumi na saba, mojawapo ya mabubu. Akaweka ncha ya waya wa mita juu ya mguu wa kuamshia, mguu mwembamba kama sisimizi, akashikilia. Kwa mkono wa kushoto akawasha.

Mshale ukapanda. Kumbe ndiyo, umeme upo. Mtu mwingine angeondoa mkono hapo. Anaeli hakuondoa. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Tano. Kumi. Kumi na tano. Mkono haukutikisika.

Kumi na tisa, mshale ukaanguka. Pwaa! Ukalala kwenye sifuri.

Anaeli akabana pumzi. Akaendelea kuhesabu. Ishirini na tano. Thelathini. Kwenye thelathini na moja taa nyekundu ya kisanduku ikawaka, ile ya kusema nimeita sikujibiwa, na hapo hapo mshale ukapanda tena, ukasimama pale juu kama hakuna kilichotokea.

"Hee!" akasema.

Akazima. Akarudia. Kumi na tisa, chini. Thelathini na moja, taa nyekundu, juu. Akarudia na kisanduku namba nane, kisha na vingine, kimoja kimoja. Vile vile, kama wamefundishana.

"Unasubiri itage?" Aristides akauliza.

"Kaka Aristides, njoo uone. Chipu haijafa! Inalala pale pale inapoitwa. Mwitaji akichoka akaondoka, yenyewe inaamka!"

Aristides akaja na bisibisi yake mkononi, akatazama mshale, akauona unaanguka, akauona unapanda. "Lo! Kama shemeji yangu na kazi za shamba," akasema. Lakini safari hii hakucheka. Akavuta kigoda akaketi.

Saa ikasoma saa sita kasoro. Anaeli akachukua kisanduku namba mbili, kimoja cha vile vinne vyenye kusema. Akaweka waya kwenye mguu ule ule. Akawasha. Mshale ukabaki sifuri. Kumi na tano. Kumi na nane. Kumi na tisa, mshale ukaruka juu, ukabaki juu, na taa ya buluu ikawaka.

Kinyume! Kinyume kabisa!

Akaviweka visanduku viwili sambamba chini ya taa, namba mbili na namba kumi na saba, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kuungua. Chipu ile ile. Njia za shaba zile zile. Lakini kwenye ile kamba ya kuamshia, katikati ya kompyuta na chipu, kisanduku namba mbili kilikuwa na kidude cheusi chenye miguu mitatu, transista ndogo kama punje ya ufuta. Namba kumi na saba hakikuwa nacho. Palikuwa na kijiwaya, daraja safi limechomelewa vizuri sana, na Anaeli alilitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Alilichomelea yeye.

Akakumbuka. Wiki iliyopita Utsav alikuwa Arusha kwenye harusi. Visanduku vinne vimekwisha, vidude vyeusi navyo vikaisha. Mzee Devendra akazunguka Kariakoo nzima na kimoja kwenye karatasi ya sigara, akionyesha kila duka, akarudi na jasho tupu. "Ruka tu, mwanangu," akamwambia. "Weka waya. Umeme si utapita?" Na kuruka ndiyo ilikuwa desturi ya meza ile tangu enzi. Kipuri kikikosekana, unaunganisha waya pale kilipokuwa, mizani inapima, mteja anaenda. Miaka arobaini ya mizani imekwenda hivyo. Nani angepanda ngazi kwenda kusema tumeruka? Ghorofani huandikwa, mezani huambizana tu.

Akaweka waya wa mita upande mmoja wa kile kidude cheusi, upande wa kompyuta. Akawasha, akahesabu. Kumi na tisa, mshale ukaanguka. Akahamia upande wa pili, wa chipu. Kumi na tisa, mshale ukapanda.

"Kinageuza!" Akasimama, stuli ikaanguka nyuma yake. "Kinageuza! Hakipitishi umeme, kinaugeuza! Kompyuta ikisema chini, chipu inasikia juu!"

"Salama humu?" sauti ikauliza mlangoni.

Alikuwa Bi Fakhriya, kawahi saa nzima, mwanamke mnene wa baibui jeusi na mkoba mkubwa, harufu ya udi imemtangulia. Watu wa Msimbazi walisema hajawahi kupunja wala kupunjwa.

"Shikamoo, Bi Fakhriya," Anaeli akasema akihema.

"Marahaba, mwanangu. Nani kageuza nini?"

Mzee Devendra akatoka nyuma ya kaunta, mikono imekutana kifuani, tabasamu limejaa. "Karibu, karibu sana! Hakuna kitu, watoto wanacheza. Keti, chai inakuja."

"Mzee," Anaeli akasema, "ile niliyoruka wiki iliyopita..."

"Baadaye, mwanangu."

Lakini baadaye ndiyo ilikuwa haipo. Baadaye palikuwa na fundi wa simu kwenye stuli yake. Anaeli akakumbatia visanduku vyote viwili na mita yake, akapanda ngazi mbio, ndala moja ikabaki ngazi ya tatu.

Utsav aliruka kwenye kiti. "Kuna nini?"

"Kaka, wewe unaiambia amka, yenyewe inasikia lala! Shika hapa. Usiondoe mkono. Hesabu." Akawasha.

Utsav akahesabu, kwanza kwa uvivu. Kwenye kumi na tisa akasogeza uso karibu na mshale. Kwenye thelathini na moja akasema neno la Kigujarati ambalo Anaeli hakuhitaji kutafsiriwa.

"Nilipima ilipokwisha kuita," akasema polepole. "Ikashindwa, ikaachia kamba, chipu ikaamka. Nikakuta umeme upo." Akaangalia bodi. "Transista iko wapi? Hapa palikuwa na transista."

"Viliisha. Niliruka."

"Uliruka? Nani kakwambia uruke?"

Anaeli akatazama ule mguu wake usio na ndala. Jina lilikuwa mdomoni. Chini ya ngazi alikuwa mteja, na mwenye jina alikuwa mzee wa watu.

"Mkono ni wangu, kaka. Nimeruka mimi."

"Nilimwambia mimi." Mzee Devendra alikuwa amesimama juu ya ngazi, anahema, ndala ya Anaeli mkononi mwake. Akaiweka chini mbele yake taratibu. "Nilimwambia, ruka, umeme utapita. Yeye aliniuliza mara mbili. Haya, kinatengenezeka au hakitengenezeki? Yule mama hanywi chai mara mbili."

Utsav alikuwa ameshageukia kompyuta, vidole vinakimbia. Faili likafunguka. Mistari mingi, mabano juu ya mabano. "Tazama. Huyu hapa mgeni wetu, ndani ya laini ya tatu. Hili jina lake. Hii kasi yake. Na huu mstari ni wa kamba ya kuamshia. Neno la mwisho linasema chini. Niliandika hivyo kwa sababu ya kile kidude: ukivuta chini, kinageuza, chipu inapata juu."

"Na sasa kidude hakipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo iandikwe juu."

Utsav akasukuma kiti nyuma. "Andika."

"Mimi?"

"Si wewe uliyeruka? Ruka na hapa. Herufi nne za Kiingereza, nitakutajia. Na juu yake weka maelezo kwa Kiswahili, kompyuta haiyasomi, ni ya watu."

Kidole kimoja, herufi moja moja. Anaeli aliandika lile neno, kisha mstari juu yake: *Hapa hakuna kidude cha kugeuza. Kuna daraja.* Utsav akabonyeza, akangoja, akachomoa kadi ndogo. Wakashuka watatu kwa kusukumana kama wanafunzi kengele ikilia.

"Devendra," Bi Fakhriya akasema chini, "nimeacha dukani watu saba na mizani bubu. Nionyeshe au niende."

Anaeli akaingiza kadi kwenye kisanduku namba kumi na saba, akakiunganisha na mizani ya mezani, akawasha. Hesabu ya kungoja aliijua yeye, Utsav, na Aristides, aliyekuwa anahesabu kwa midomo. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Taa ya buluu!

Spika ya ukutani ikalia tin. Bi Fakhriya akatazama taa, akafungua mkoba, akatoa jiwe la mizani la kilo mbili, la chuma, limeng'aa kwa kushikwa. Kumbe alitembea nalo. Akaliweka kwa upole wa mtu anayelaza mtoto.

"Kilo mbili," Anaeli akasema kutoka ukutani.

Bi Fakhriya akageuka kumtazama Anaeli aliyesimama mbele yake, mdomo umefumba. Akaliondoa jiwe, akaweka mkoba wenyewe.

"Kilo moja na robo tatu."

"Ndiyo maana bega linaniuma!" Bi Fakhriya akapiga kofi. Kisha macho yakarudi makali. "Hiki kimoja. Na vile vingine?"

"Tunaviwasha vyote, mama," Anaeli akasema. "Sasa hivi, hapa hapa."

Wakaviwasha. Utsav akitia kadi kwenye vile vya daraja tu, vile vinne akiviachia faili lao la zamani, Anaeli akiunganisha, Aristides akisoma namba kwa sauti yake ya matokeo ya uchaguzi. Wapita njia wakajaa mlangoni. Kila taa ya buluu ikiwaka mlango mzima unashangilia, mchuuzi wa soksi akarudia kila uzito kwenye kipaza sauti chake mpaka mtaa wa pili ukasikia. Namba tano, kilo mbili! Namba ishirini, kilo mbili! Namba ishirini na moja!

Namba ishirini na mbili ikawasha taa nyekundu.

Kelele zikakatika. Anaeli akaiinua bodi, akaisogeza puani, akanusa. Akanusa tena. Mtaa mzima ukimwangalia.

"Hii," akasema, "hii kweli nimeiunguza."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Devendra. Alicheka mpaka akashika kaunta, Utsav akafuata, na Bi Fakhriya akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Huyu ndiye namtaka aje kufunga dukani kwangu," akasema. "Huyu anayesema lililoungua. Mengine wote watasema."

Vingine vyote vilisema. Mwisho kabisa Aristides akapanda mwenyewe kwenye mizani kubwa ya magunia, kifua mbele, na spika ikatangazia Kariakoo: "Kilo tisini na nane na nusu." Akainua mikono kama aliyeshinda ubunge.

Mzee Devendra ndiye aliyeiokota stuli iliyoanguka. Akaifuta vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni, akaiweka mbele ya meza, akaipiga kofi mara mbili. "Anayeruka," akasema, "kuanzia leo anapanda ngazi kwenda kusema. Hata kama aliyemwambia ni mimi. Hasa kama ni mimi."

Anaeli akaketi. Chuma cha kuchomelea kilikuwa bado cha moto. Akavuta bodi namba ishirini na mbili chini ya taa, akaanza kuing'oa chipu yake taratibu, na ukutani sauti yake iliendelea kupima vitu vya watu.